Kitabu kipo Dar, msomaji yuko Songea

(Hii ni mada niliyowasilisha kwenye darasa la vijana Jumamosi. Wengi mliomba maandishi, basi nimeyaweka karibu kama nilivyosema. Nimepunguza tu vicheko na maswali ya katikati.)

 

Mada yangu ilipotangazwa kwenye grupu, kaka mmoja aliandika, na sitamtaja maana yuko humu ndani: "Watu tunadai Katiba mpya na Tume huru, dada anatuletea mashine ya kupanga vitabu?" Akaweka na vile vikatuni vya kucheka machozi. Sawa. Nimeichukua hoja yake kwa uzito kuliko yeye alivyoichukua, na nitaijibu kabla sijashuka hapa. Ila kwanza nataka tuelewane tunazungumzia nini.

Tunazungumzia swali dogo kabisa. Kitabu kipo kwenye maktaba ya umma mji mmoja. Anayekihitaji yuko mji mwingine. Nani anajua kwamba kipo? Nani anakitoa rafuni? Nani anakisafirisha, kwa siku ngapi, na kwa pesa ya nani?

Wapo walioshajibu maswali hayo kwa mashine. Naanza na New York kwa sababu ndiyo mfano nilioufuatilia zaidi. Maktaba ya umma ya New York inahudumia sehemu tatu za jiji: Manhattan, Bronx na Staten Island. Brooklyn wana shirika lao la maktaba na Queens wana lao. Mwanachama anaweza kukaa kwake Bronx, akafungua katalogi kwenye simu, akakiona kitabu kilichoko tawi la Manhattan, akabonyeza kukiagiza, halafu akakichukua tawi la jirani na nyumbani kwake. Akimaliza anakirudisha tawi lolote analolipita. Sasa fikirieni matawi karibu 90, kila siku vitabu vinatoka huku vinakwenda kule. Lazima pawe na mahali vinakutana na kugawanywa.

Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa mikono. Mwaka 2010 wakafunga mashine kwenye jengo lililokuwa ghala, mtaa wa Long Island City, kule Queens. Urefu wake ni futi 238, yaani mita 72 na ushee. Ukiiweka kwenye uwanja wa mpira inachukua theluthi mbili. Iligharimu dola milioni 2.3, na waliitengeneza watu wa Denmark, kampuni inaitwa Lyngsoe, ambayo imekulia kwenye mifumo ya posta na mizigo ya viwanja vya ndege. Na kweli ukiiona utasema ni ule mkanda wa kuchukulia mabegi pale uwanja wa ndege, ila huu una akili zaidi.

Inafanyaje kazi? Malori yanaleta kreti za vitabu kutoka matawini. Mfanyakazi anachukua kitabu anakiweka kwenye mkanda, upande wenye ile alama ya mistari myeusi ukiwa juu, mistari kama ya bidhaa za supamaketi. Kitabu kinapita chini ya taa inayosoma ile mistari. Hapohapo mashine inaiuliza kompyuta ya maktaba: hiki kinakwenda wapi? Kompyuta inajibu: kuna mtu amekiagiza, anakisubiri tawi fulani. Au inajibu: hakuna aliyekiagiza, kirudi kwao. Mkanda unakipeleka hadi kwenye kreti ya tawi hilo na kukiangusha. Kreti ikijaa inaondolewa, inawekwa nyingine, lori linapakia. Basi. Vitabu, sidii na dividii 7,500 kwa saa moja, yaani viwili kila sekunde.

Tufanye hesabu kidogo. Mtu mwepesi wa mikono, tuseme anatumia sekunde 10 kwa kitabu kimoja: anakishika, anasoma kinakokwenda, anakitupa kwenye kreti yake. Hiyo ni vitabu 360 kwa saa, bila kunywa maji, bila kujinyoosha mgongo. Kufikia 7,500 unahitaji watu 21 wanaofanya hivyo kwa mpigo. Mnaona kwa nini waliitaka ile mashine.

Mwaka 2013 New York na Brooklyn wakaunganisha kazi hizi za nyuma ya pazia, kununua vitabu, kuviorodhesha, kuvipanga na kuvisafirisha, chini ya kitengo kimoja wanachokiita BookOps. Vitabu vya mashirika mawili vikaanza kupita mlango mmoja. Na kule jimbo la Washington, upande wa pili wa nchi, maktaba za King County nazo zina mashine ya namna hiyohiyo, basi wakawa wanashindana kwa saa moja, nani amepanga vingi. Mwaka 2014 New York walishinda kwa kupanga zaidi ya vitu 12,000 ndani ya saa hiyo. Wafanyakazi wanashangilia kama derby ya Simba na Yanga. Nimelipenda hilo, nakiri, kwa sababu ni nadra kuona watumishi wa umma wa ghalani wakishangiliwa.

Haya. Hapa ndipo mtu wa chama tawala angesema: "Nasi tununue!" Angepiga picha na mkandarasi, angekata utepe, na baada ya miaka miwili mashine ingekuwa inakaliwa na popo. Mimi sipendekezi tununue. Naombeni mnisikilize kwa makini hapa, maana nisingependa kesho muandike mtandaoni kwamba vijana wa upinzani wanataka mashine ya mabilioni.

Ile mashine haina akili yoyote peke yake. Akili iko kwenye swali linaloulizwa: hiki kinakwenda wapi? Ili kompyuta iweze kujibu, lazima yawepo mambo matatu. La kwanza, kila kitabu cha kila tawi kiwe na namba yake ya pekee. La pili, matawi yote yawe kwenye katalogi moja iliyo hai, inayojua kitabu kiko wapi leo, nani kaazima, nani anasubiri. La tatu, msomaji awe na haki ya kuagiza kutoka popote. Ondoa hayo matatu na ile mita 72 ya mkanda ni vyuma chakavu. Yaweke hayo matatu, na kwa idadi ya vitabu vitakavyosafiri kwetu mwanzoni, unahitaji meza moja ndefu, kreti 30 zenye majina ya mikoa, na watu watatu waaminifu.

Sisi tuko wapi? Historia yetu si ya aibu. Huduma ya maktaba ya taifa tuliianzisha kwa sheria mwaka 1963, miaka miwili tu baada ya Uhuru. Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere Desemba 1967. Sheria ya sasa, Sheria Namba 6 ya 1975, inaipa Bodi ya Huduma za Maktaba kazi ya kuanzisha, kuendesha na kuendeleza maktaba nchini. Angalieni jambo la kimuundo hapo: tuna bodi moja ya kitaifa yenye maktaba mikoani. Wenzetu Kenya, Katiba yao ya 2010 imezipeleka maktaba kwenye kaunti, kwa hiyo wakitaka mtandao mmoja wa kitabu kusafiri toka kaunti hadi kaunti inabidi serikali nyingi zikubaliane. New York walihitaji mapatano kati ya mashirika mawili. Sisi tunahitaji uamuzi wa bodi moja na bajeti ya wizara moja. Kisheria, sisi ndio tuna njia fupi.

Sasa nitoe la kwangu. Mwaka wa kwanza chuo nilirudi nyumbani likizo, mkoani, nikiwa na kazi ya kuandika kuhusu sheria ya ushahidi. Nikaenda maktaba moja ya umma, siitaji ni ipi, maana wahudumu walinipokea vizuri na tatizo halikuwa lao. Nikauliza kitabu. Mama mkutubi akaangalia kwenye kadi, hakuna. Nikamuuliza: kipo maktaba gani nyingine? Akaniangalia kwa huruma akasema, "Mwanangu, labda Dar." Labda! Hakuwa na pa kuangalia. Nikamuuliza tena, kama kipo Dar naweza kuletewa? Akacheka. Akanishauri nipige picha kurasa kwa mtu aliyeko Dar anitumie WhatsApp. Ndivyo nilivyofanya, bando likaisha kurasa ya arobaini.

Mimi nilikuwa na mtu Dar. Nawaza yule kijana wa Songea au Kasulu anayerudia mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa binafsi. Hana chuo, hana mtu Dar, ana maktaba ya mkoa tu. Kwake rafu anazoziona mbele yake ndiyo maktaba yote ya taifa. Vingine vyote tulivyovinunua kwa kodi yake, na kodi ya mama yake anayeuza mboga, havipo.

Na umbali tunaoulalamikia, kaka zangu, wananchi wameshautatua bila kongamano. Kutoka Dar hadi Songea ni karibu kilomita elfu moja. Mama yangu mdogo anatuma ndoo ya mafuta ya ufuta kwa basi. Anafika stendi, anaandika jina na namba ya simu kwa kalamu ya wino mzito, anampa mhusika wa vifurushi, anapewa risiti, anapiga simu: "Basi namba fulani, konda anaitwa fulani, asubuhi uwe stendi." Asubuhi mafuta yamefika. Na tangu 2023 mabasi yameruhusiwa tena kutembea usiku. Kama ndoo ya mafuta inafika kwa usiku mmoja, kitabu cha robo kilo kinashindwaje?

Ukiangalia vizuri, pale Stendi ya Magufuli Mbezi kila jioni kuna Long Island City yetu. Vifurushi vinakuja kwa boda, vinagawanywa kwa njia, vinapakiwa. Kinachokosekana ni ile kompyuta ya kusema "hiki kinakwenda Songea, mwanachama namba fulani anakisubiri", na mkataba rasmi. Nasema mkataba rasmi kwa sababu huduma ya vifurushi ina leseni zake chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, na TCRA ndiye msimamizi. Maktaba haiwezi kumkabidhi konda tu mali ya umma na kumwambia "nisalimie". Lakini Shirika la Posta lipo, kampuni zenye leseni zipo. Kreti moja kwa mkoa, mara mbili kwa wiki. Tuanzie hapo.

Kuna na mbinu nyingine ambayo haigharimu hata shilingi ya mafuta. Maktaba nyingi za nje zimeacha kulazimisha kila kitabu kurudi "kwao". Kitabu kikirudishwa Mbeya kinakaa Mbeya mpaka mtu mwingine akiite. Kitabu hakina kijiji. Safari zinapungua, na polepole vitabu vinahamia kule vinakosomwa. Ila na hili linahitaji ile katalogi moja, vinginevyo mkutubi wa Iringa ataandika taarifa ya upotevu kila mwezi na mkaguzi atamsumbua.

Nije kwenye jambo ambalo najua litaleta mjadala: ajira. Tukiwa chama kinachosema kiko na wafanyakazi, hatuwezi kusifia mashine inayofanya kazi ya watu 21 tukanyamaza hapo. Wale watu 21 wanakwenda wapi?

Mashine haijazi malori, haiwezi kuona kwamba kitabu kimelowa chai, haimfundishi mtoto kutafuta kitabu. Hata New York, watu bado wanakiweka kitabu kwenye mkanda mmojammoja na watu bado wanaendesha malori. Lakini tusijidanganye eti hakuna kazi inayopotea. Inapotea. Na hapa sheria ina la kusema. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 38, inamtaka mwajiri anayetaka kupunguza watu awape taarifa mapema, aweke wazi sababu, na ashauriane na chama cha wafanyakazi kuhusu namna ya kuepuka au kupunguza hasara hiyo, nani ataguswa, kwa vigezo gani na malipo gani. Mashauriano yanakuja kabla ya uamuzi. Siyo barua Ijumaa, mashine Jumatatu. Watumishi wa umma wana taratibu zao pia, lakini kanuni iwe hiyohiyo.

Kwetu mimi hofu yangu ni nyingine kabisa. Maktaba zetu hazina watu wa ziada wa kupunguzwa. Hofu yangu ni kwamba mfumo utaletwa, na mkutubi yuleyule mmoja ataongezewa kazi ya kuingiza maelfu ya vitabu kwenye kompyuta, jioni, bila posho, bila mafunzo, halafu ukikwama aitwe mzembe. Tukiandika chochote kwenye ilani, tuandike na mshahara wa kazi hiyo. Kuna vijana wangapi mtaani wenye stashahada ya ukutubi? Wapewe mkataba wa miaka miwili wa kuorodhesha vitabu vya nchi nzima. Hiyo ni ajira, na ni kazi ambayo hakuna mashine ya Denmark itakayoifanya kwa niaba yetu.

Jambo la pili la kuogopa ni hili. Oktoba 2023, maktaba ya taifa ya Uingereza, British Library, ilivamiwa na wahalifu wa mtandaoni. Hawa ni watu wana ghala kubwa la vitabu Boston Spa, Yorkshire, linaloendeshwa kwa mashine. Roboti ndiyo inayokwenda kuchukua sanduku gizani, kisha kitabu kinapelekwa London kwa msomaji. Wahalifu wakafunga mifumo, wakadai fidia. Maktaba ikakataa kulipa. Taarifa za watumiaji na wafanyakazi zikamwagwa mtandaoni. Katalogi ilirudi Januari 2024, na ikarudi kwa kusoma tu. Kwa miezi kadhaa vitabu vilivyokuwa ghala la mashine havikuweza kuagizwa, vipo pale pale, vizima, hakuna wa kuvitoa. Ni kama benki iliyopoteza ufunguo wa stoo.

Nimechukua mambo mawili pale. Moja, kila tawi libaki na orodha yake ya karatasi au faili la pembeni, na watu wanaojua kufanya kazi mtandao ukikatika. Kwetu mtandao haungoji mhalifu, umeme tu unatosha. Mbili, na hili linatuhusu sisi tuliomo humu kuliko wengi: rekodi ya vitabu nilivyoazima ni ramani ya kichwa changu. Mfumo unaojua kwamba nimeagiza kitabu cha mageuzi ya katiba, kitabu cha vyama vya wafanyakazi na kitabu cha ugonjwa fulani, unajua mengi kunihusu kuliko jirani yangu. Nani ataiona? Afisa wa wilaya akiomba orodha ya wasomaji wa kitabu fulani, mkutubi ajibu nini?

Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inataka taarifa zikusanywe kwa kusudi linaloeleweka na zisikae muda mrefu kuliko inavyohitajika. Tafsiri yangu kwa maktaba ni rahisi: kitabu kikirudi salama, uhusiano kati ya jina langu na kitabu kile ufutwe. Maktaba ijue kwamba kitabu kimeazimwa mara 14. Haina haja ya kujua na nani. Hilo lijengwe ndani ya programu tangu siku ya kwanza, kwa sababu tukisubiri hisani ya afisa tutaumia.

Kuhusu manunuzi nitasema kwa ufupi, mmechoka na mimi pia. Sheria mpya ya Ununuzi wa Umma ni ya 2023 na zabuni zinapita kwenye mfumo wa NeST. Vizuri. Ila zipo programu za katalogi ambazo ni huria, bure kupakua, zinatumika na maktaba duniani kote. Koha ni mojawapo, ilianzia New Zealand karibu na mwaka 2000. Mtu akituletea mfumo wa katalogi wa bei ya kutisha, swali la kwanza la mbunge wetu liwe: kwa nini siyo Koha? Gharama halisi iwe watu, mafunzo, seva na usafiri. Hapo ndipo pesa ionekane.

Sasa namjibu kaka wa vikatuni.

Ibara ya 11 ya Katiba yetu inasema kila mtu ana haki ya kujielimisha, na kila raia yuko huru kutafuta elimu katika fani anayoipenda. Maneno mazuri. Nikiwa mwaka wa pili nilidhani naweza kusimama mahakamani na ibara hiyo mkononi kumtetea yule kijana wa Kasulu. Siwezi. Ibara ya 7(2) inasema masharti ya sehemu ile hayatekelezwi na mahakama yoyote. Ni malengo ya kuongoza serikali. Serikali isipoyafuata, hakuna hakimu wa kuigusa. Ibara ya 18, ya kutafuta na kupokea habari, hiyo iko kwenye sehemu ya haki zinazodaiwa, lakini kuitoa hapo hadi kwenye kreti ya vitabu ya Songea ni safari ndefu ya hoja, na sijaona bado aliyeisafiri.

Kwa hiyo kaka, unaposema tunadai Katiba mpya, mimi nakuuliza: ndani yake unataka kiandikwe nini kuhusu mtoto wa mkulima na kitabu? Ukirudisha haki ya elimu kule kwenye malengo yasiyodaiwa, umempa Katiba mpya na labda ileile ya yule mama mkutubi. Mjadala wa Tume ni wa jinsi ya kuingia. Huu ni wa tutafanya nini tukishaingia, na wananchi wanatuuliza hilo kila tukienda mtaani. Mimi nimeulizwa na mama mmoja wa sokoni, "Nyie mkishinda, mwanangu atasoma nini?" Hakuniuliza tume.

Ndugu mwenyekiti, naomba kikao kipokee pendekezo hili lipelekwe kwa kamati ya ilani. Katalogi moja ya maktaba zote za umma nchini, ndani ya miaka mitatu, inayosomeka kwenye simu hata isiyo janja, kwa ujumbe mfupi. Haki ya mwanachama yeyote wa maktaba yoyote kuagiza kitabu kutoka maktaba nyingine ya umma bila kulipia nauli ya kitabu. Kreti mara mbili kwa wiki kwa kila mkoa, kwa mkataba ulio wazi. Vijana wakutubi waajiriwe kuorodhesha. Rekodi za wasomaji zifutwe kitabu kinaporudi. Na faini za kuchelewesha tuziangalie upya. New York walizifuta Oktoba 2021, mashirika yote matatu ya maktaba kwa pamoja, kwa sababu waliokuwa wanafungiwa kadi ni watoto wa mitaa maskini. Hili la faini najua katibu ana maoni tofauti, tumelibishania kwenye daladala wakati tunakuja.

Mashine ya mita 72 tutaijadili siku ambayo meza ya kreti 30 imezidiwa.

Wakati huohuo, kazi ya wiki hii kwa kila tawi letu: nendeni maktaba ya umma iliyo karibu nanyi, wilayani au mkoani. Salimieni vizuri, msiende na fulana za chama, wale ni watumishi na hatutaki kuwaponza. Ulizeni mambo manne: je, katalogi iko kwenye karatasi au kompyuta, naweza kujua kitabu kiko maktaba gani nyingine, naweza kuletewa, na inachukua siku ngapi. Andikeni majibu na tarehe, mnitumie kwenye grupu kabla ya Ijumaa. Nitayapanga kimkoa, na nitaanza kwa mkono.

Karibuni maswali. Kaka wa vikatuni aanze.